AMIBA: MLAJI ASIYE NA MDOMO

SAYANSI NYUMBANI
Na Mwandishi Wetu

Katika magonjwa yanayotajwa sana majumbani mwetu, amiba hakosi. Mtoto akishikwa na tumbo la kukata, husemwa ni amiba. Baba akirudi kazini tumbo limemvuruga, husemwa ni amiba. Na jirani mwema huingia chumbani mwake, akatoa tembe zilizobaki tangu alipougua yeye, akashauri zimezwe mbili asubuhi na mbili jioni. Jina hilo limezoeleka mno, hata limekuwa kama la mtu wa mtaani. Lakini huyo amiba mwenyewe ni nani, na hutudhuru kwa njia gani?

Wengi wetu tukiulizwa tutajibu kwamba "anakula utumbo". Jibu hilo, ndugu msomaji, ni sahihi kuliko hata sisi tunaolitoa tunavyodhani. Uchunguzi wa miaka 40 na zaidi umeonyesha kwamba kiini cha madhara ya amiba ni ulaji wake. Tena ulaji huo si wa ovyo. Unao watumishi wake, kila mmoja na zamu yake, nao ni zile kemikali za uhai ziitwazo protini. Leo tuwatazame watumishi hao kazini, kisha tuone elimu hiyo inatufaa nini jikoni na chooni.

JINA NA MAANA YAKE

Mtu wa kwanza kueleza habari za kimelea huyu kwa utimilifu alikuwa daktari Fedor Lösch wa St. Petersburg, nchini Urusi. Mwaka 1875 alichapisha habari za mkulima mmoja wa Arkhangelsk aliyeharisha kwa muda mrefu hata akafa, na ambaye kinyesi chake, kilipotazamwa kwa hadubini, kilionekana kimejaa vijidudu vitambaavyo. Mwaka 1903 mwanasayansi wa Kijerumani, Fritz Schaudinn, akampa jina analoitwa hadi leo: Entamoeba histolytica. Neno la pili maana yake ni "mwenye kuyeyusha nyama za mwili". Schaudinn mwenyewe alifariki mwaka 1906, hajatimiza miaka 35, baada ya kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa wa amiba.

Mwili mzima wa amiba ni seli moja tu, yaani chembe hai moja. Ukiigawa milimita moja katika mafungu 1,000, yeye huchukua mafungu 20 hadi 40. Hana mdomo, hana meno, hana tumbo. Amezungukwa na utando mwembamba, na ndani ya utando huo mna uteute ambamo vifuko vidogo vidogo hupita huku na huko. Hata hivyo mdudu huyo asiye na mdomo anaweza kuutoboa ukuta wa utumbo mpana, akaingia katika damu, akafika kwenye ini na kufanya jipu. Wataalamu waliokutana mjini Mexico mwaka 1997 walikadiria kwamba watu milioni 50 waliugua kila mwaka, na kwamba kati ya 40,000 na 100,000 walifariki.

Hapa pana jambo lililowasumbua matabibu kwa muda mrefu. Watu wengi huonekana na amiba katika kinyesi, wala hawaumwi hata kidogo. Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alitoa sababu: amiba hawa ni wawili, mmoja mwenye madhara na pacha wake asiye na madhara, ambaye kwa hadubini hawatofautiani. Hakusadikiwa. Ilibidi ufike mwaka 1993 ndipo wanasayansi walipokubali rasmi kuwatenga wawili hao, na yule mpole akabaki na jina alilopewa na Brumpt, Entamoeba dispar.

Hata hivyo iko dalili moja ambayo mtaalamu wa maabara huitafuta. Akimwona amiba mwenye chembe nyekundu za damu ndani ya mwili wake, hutambua kwamba aghalabu huyo ndiye mkorofi. Kwa maneno mengine, mbaya wetu hutambulikana kwa kile alichokula.

AMIBA WALIONYIMWA HAMU

Je, ulaji huo ni sababu ya ugonjwa, au ni tabia tu inayofuatana nao? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1983 nchini Mexico na Esther Orozco na wenzake, kwa hila moja ya busara sana.

Waliwalisha amiba bakteria waliotiwa kemikali ambayo, ikimulikwa kwa mwanga wa aina maalumu, humwua aliyeila. Kisha wakawamulika amiba wote. Walafi walikufa. Waliosalia walikuwa wachache ambao hawakula, au walikula kidogo mno. Wakatunzwa, wakazaliana, na kizazi chao kikajaribiwa. Uwezo wake wa kumeza chembe nyekundu za damu ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Walipotiwa katika maini ya vitoto vya panya-buku waitwao hamsta, hawakuleta majipu, hata walipozidishwa idadi. Ilhali ndugu zao walafi walileta majipu kwa idadi ndogo kuliko hiyo.

Tangu hapo ikawa wazi kwamba kumwondolea amiba uwezo wa kumeza ni kumwondolea sehemu kubwa ya ukali wake. Kitendo hicho cha seli moja kuimeza seli nyingine, wataalamu hukiita fagositosi. Swali likawa: hukitenda vipi?

KWANZA KUSHIKA

Huwezi kumla usiyemkamata. Juu ya utando wa amiba mmesimama protini moja kubwa iitwayo lektini, na kazi yake ni kushika sukari za aina ya galaktosi. Sasa, seli za utumbo wetu, pamoja na ute unaozifunika, zimepambwa kwa sukari hizo hizo. Lektini hunasa hapo kama ukambaa wa kitenge unavyonasa kwenye mwiba.

Jambo hili lilithibitishwa huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti waliwaweka amiba pamoja na seli za mnyama katika chombo kimoja, kisha wakatia galaktosi tele. Lektini zote zikawa zimeshika sukari hiyo iliyotiwa, hazikubaki za kushika seli, nazo seli zikaokoka. Hapo tunajifunza kwamba amiba hamwui mtu kwa sumu atemayo kwa mbali. Ni lazima aguse, ashike, ndipo adhuru.

Ule ute wa utumbo, ambao wengi huuona kuwa ni uchafu tu, ndio ngome yetu ya kwanza. Lektini ikinasa kwenye ute, amiba hubaki hapo hapo, akitambaa juu ya ngome bila kuifikia nyumba. Bahati mbaya anavyo vimeng'enya vya kukatia protini, na kwavyo huweza kuukata ute huo hata akapata njia.

KIKOMBE CHA KUMEZEA

Lektini ikishashika, habari hupelekwa ndani. Kalsiamu huongezeka karibu na mahali palipoguswa, nayo ndiyo tarumbeta ya kuwaamsha watumishi. Kundi la watafiti wa New Delhi, India, limeeleza zamu hizo hatua kwa hatua. Mwaka 2011 walionyesha kwamba protini moja, ambayo huvutwa na kalsiamu, hukimbilia kwenye utando pale pale palipo na windo. Hiyo humwita mwenzake, naye huja pamoja na nyuzi za aktini.

Aktini ndiyo misuli ya amiba. Ni protini zilezile zilizo katika misuli ya mkono wako, ila hapa hujengwa na kubomolewa kwa muda wa nukta. Nyuzi hizo huusukuma utando kutoka pande zote za windo hadi ukawa kama kikombe. Kingo za kikombe hupanda, hukaribiana, na hatimaye hufunga. Katika kufunga huko huja mtumishi mwingine wa kalsiamu, akishirikiana na miosini, protini ya kuvutia kamba. Yule wa kwanza huwa amekwisha ondoka, kwa kuwa zamu yake imekwisha. Windo sasa limo ndani, limefungwa katika kifuko kilichotokana na utando wa amiba mwenyewe.

Angalia, ndugu msomaji, kwamba hapo hapakuwa na mdomo. Mdomo umetengenezwa ulipohitajiwa, mahali ulipohitajiwa, kisha ukavunjwa.

MABASI NA VIBAO VYAKE

Kumeza si kushiba. Windo lililomo kifukoni bado ni zima. Ili liyeyushwe, lazima vimeng'enya vifike hapo, na vimeng'enya hivyo huhifadhiwa katika vifuko vingine, mbali na pale. Mwili wa amiba ni kama kituo kikuu cha mabasi: vifuko mamia kwa mamia vinaingia na kutoka, kila kimoja na mzigo wake. Ni nani anayejua kipi kiende wapi?

Kazi hiyo ni ya protini ziitwazo Rabu. Kila Rabu hukaa juu ya kifuko mfano wa kibao cha safari kwenye kioo cha basi. Ikiwa imewashwa, kifuko hutambulikana na kupokewa kinakokwenda. Ikizimwa, huondoka na kwenda kutumika mahali pengine. Binadamu, mwenye mwili wa matrilioni ya seli, anazo aina zaidi ya 60 za Rabu. Orodha ya vinasaba vya amiba ilipochapishwa mwaka 2005, zilionekana kwake aina zaidi ya 90. Kiumbe wa seli moja, na mipango ya safari kuliko sisi! Mwenye kuishi kwa kumeza hapana shaka anahitaji uchukuzi mwingi.

Wanasayansi wa Japani, wakiongozwa na Tomoyoshi Nozaki, ndio waliozifuatilia Rabu hizi kwa makini. Mwaka 2004 walieleza kwamba dakika chache baada ya amiba kukutana na chembe nyekundu za damu, hutokea ndani yake kifuko kikubwa cha pekee, chenye Rabu-5 na Rabu-7A kwa pamoja. Kifuko hiki hakina windo. Ni ghala ya matayarisho: humo hukusanywa vimeng'enya vya kukata protini, pamoja na protini ndogo zenye uwezo wa kutoboa utando wa viumbe wengine. Mambo yakiwa tayari, Rabu-5 hujiondoa, na ghala hiyo, ikiongozwa na Rabu-7A, huungana na kifuko chenye windo. Mpishi amekwisha chonga kisu na kuinjika sufuria kabla nyama haijafika.

Fauka ya hayo, mizigo hiyo ina wapagazi wake. Iko protini inayokishika kimeng'enya kimoja na kukisindikiza hadi kinakotakiwa. Mpagazi akishashusha mzigo hatupwi. Kundi la protini liitwalo retroma huwakusanya wapagazi watupu na kuwarudisha walikotoka, kama vile kreti za soda zinavyorudishwa kiwandani zikajazwe upya. Rabu nyingine, yenye nambari 11B, husafirisha vimeng'enya kuelekea nje ya amiba. Nayo ilipozidishwa katika maabara, vimeng'enya vilivyomwagwa nje viliongezeka, na madhara kwa seli jirani yakaongezeka pia. Kwa hiyo njia zinazomlisha amiba ndani zinahusiana na zile zinazomwezesha kubomoa nje.

KUMEGA MZIMAMZIMA

Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba amiba humwua mhanga wake kwanza, kisha ndipo ammeze. Mwaka 2014 Katherine Ralston, akifanya kazi na William Petri katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alionyesha jambo jingine la kutisha zaidi. Amiba anaposhika seli iliyo hai huimega. Huuma kipande kidogo cha utando na uteute wake, akameza. Akauma tena, na tena, mithili ya panya kwenye mkate. Seli hufa kwa sababu ya majeraha hayo. Ikishakufa, amiba huacha kuimega. Seli iliyokwisha kufa, aikutapo, huimeza nzima.

Umegaji huu huitwa trogositosi. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba unayo protini ya kuuendesha ambayo haishiriki katika ule umezaji wa seli nzima. Basi tunayo milango miwili, na kila mmoja na bawabu wake.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba amiba aliyemega seli za binadamu huzichukua protini za utando wa seli hizo na kuzipanga juu ya mwili wake mwenyewe. Damu yetu ina askari wa kemikali wanaoshambulia kila kilicho kigeni; wakimkuta amiba aliyejivika mavazi ya mwenye nyumba, humpita. Kwa hiyo mlo mmoja humpa vitu viwili: chakula, na sare ya kujifichia.

ELIMU HII YATUFAA NINI

Faida ya kwanza ni ya akina mama na watoto. Ikiwa amiba lazima ashike ndipo adhuru, basi kuuziba mkono wake wa kushikia ni kumzuia. Huko Mirpur, mtaa wa watu maskini katika jiji la Dhaka, Bangladesh, watafiti walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto ambao matumbo yao yalikuwa na kinga dhidi ya ile lektini walipata amiba kwa uchache kuliko wenzao. Baadaye, kwa watoto wachanga wa huko huko, ilionekana kwamba maziwa ya mama yenye kinga dhidi ya amiba yaliambatana na pungufu la maambukizo. Lektini hiyo ndiyo inayotegemewa pia kutengenezea chanjo, ingawa hadi sasa hakuna chanjo ya amiba iliyokubaliwa kutumiwa. Chanjo tuliyo nayo ni titi la mama.

Ya pili inahusu zile tembe za jirani. Dawa ya metronidazoli, inayotumika kwa amiba tangu miaka ya 1960, huwaua amiba walioingia katika nyama za mwili. Lakini waliobaki ndani ya mfereji wa utumbo, hasa wale waliojifunga katika gamba gumu liitwalo sisti, haiwamalizi. Ndiyo maana matibabu kamili yana hatua mbili: kwanza metronidazoli, kisha dawa ya kusafisha utumbo, kama vile diloksanidi au paromomisini. Anayeishia hatua ya kwanza huweza kujiona amepona, kumbe anaendelea kuwagawia wenzake sisti, na ugonjwa wake mwenyewe huweza kumrudia.

Tena si kila tumbo ni amiba, wala si kila kuhara damu ni amiba. Wako bakteria ambao huleta kuhara damu, na dawa zao ni nyingine kabisa. Na amiba aonekanaye katika kinyesi huenda ni yule pacha mpole asiyehitaji dawa yoyote. Mwenye kuhara damu aende zahanati akapimwe. Mwenye homa pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia asisubiri, hata kama haharishi, kwa kuwa jipu la ini laweza kutokea bila kuhara. Na wanaume watu wazima ndio wanaopatwa nalo zaidi.

Ya tatu ni ya nyumba nzima. Amiba mlaji, pamoja na lektini yake na Rabu zake zote, hufa upesi akitoka mwilini. Anayesafiri kutoka mtu hadi mtu ni sisti. Sisti hali, hamegi, hamezi. Hungoja tu katika maji, udongo wenye unyevu, mboga mbichi au chini ya kucha, siku nyingi hata majuma. Dawa ya klorini itiwayo katika maji ya bomba, kwa kipimo cha kawaida, haitoshi kumwua. Maji yaliyochemka humwua.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili katika Tanzania walikusanyika penye redio, wakajifunza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wakati ule hakuna aliyejua habari za Rabu wala za umegaji. Hata hivyo kila choo kilichochimbwa kilimfungia amiba njia kabla hajapata nafasi ya kunyosha lektini yake. Maarifa mapya hayakuitangua hekima ile. Yameonyesha tu ni adui wa namna gani aliyekuwa akizuiwa.

Basi maji ya kunywa yachemshwe, kachumbari ioshwe kwa maji salama, choo kifunikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni, ya mpishi kabla ya mikono yote mingine. Mlaji huyu hana mdomo wake mwenyewe, na kwa sababu hiyo njia yake ya kutuingia ni midomo yetu.

Tukutane tena Jumapili ijayo, panapo majaliwa.